Shikamoo ya Ndivani

Baba yangu ni mbishi. Nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa peke yangu. Sisi Wapare tunasemwa nchi nzima kwa ubishi, na mengi ni maneno ya watu tu, lakini baba angetosha kuwa ushahidi. Tangu mama alipofariki, mimi na kaka yangu tulikuwa tunambembeleza ashuke kutoka Myamba aje akae na mmoja wetu: ama kwangu hapa Same, ama kwa kaka kule Mwanga, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba yenye vyumba vya kutosha. Baba alikuwa anasikiliza vizuri tu, bila hasira, anamaliza chai yake, anageuza kikombe, kisha anauliza, “Na ndiva ataiziba nani?”

Hapo mazungumzo yanakufa. Tunaanza kuzungumzia bei ya tangawizi.

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo wazee wetu walilijenga mlimani, juu ya mashamba. Maji ya chemchemi yanaingia humo kwa mfereji usiku wote. Jioni mtu anaziba tundu la chini kwa kipande cha gogo kilichozungushiwa maganda ya mgomba na kukandikwa udongo. Alfajiri anaking'oa kwa mti mrefu, na maji yanashuka kwenye mashamba ya watu kwa zamu. Asipoziba, maji yanapotelea bondeni watu wakiwa wamelala. Asipozibua, yanajaa mpaka yanapita juu ya ukingo, na ukingo wa udongo ukianza kumeguka, walioko chini wako hatarini. Kazi hiyo baba ameifanya tangu sijaanza shule. Hakuna anayemlipa, na ukimuuliza kwa nini anaifanya anakutazama kama umemuuliza kwa nini anakula.

Tatizo ni magoti. Njia ya kwenda ndivani ina utelezi, na msimu wa baridi ukungu unashuka mpaka humwoni mtu aliye mbele yako. Safari moja alianguka, akalala pale kwenye majani mabichi hadi mama jirani alipopita kukatia ng'ombe wake majani akamkuta. Sisi tuliposikia tukampigia simu. Akasema hakuanguka, aliinama kufunga kamba za viatu. Baba hana viatu vya kamba. Amevaa raba za kutumbukiza mguu tu maisha yake yote ninayoyakumbuka mimi.

Sasa kazi yangu. Nipo kwenye ofisi ndogo hapa Same mjini, inayoshughulika na vifaa vya kupimia maji. Tumefunga vifaa kwenye visima vya tambarare, kwenye mabirika ya wafugaji, na kwenye mifereji michache ya mlimani. Kifaa kinapima, kinarusha taarifa kwa redio hadi kwenye antena, antena inazipeleka kwa mtandao wa simu, na zinaishia kwenye kompyuta za kukodi ambazo sijawahi kuziona na wala sijui ziko nchi gani. Ndiyo hilo linaloitwa wingu. Utani wa wingu la kompyuta na mawingu ya Upareni tuliumaliza wiki ya kwanza, sitaurudia hapa.

Mimi ndiye ninayetunza programu zinazokaa huko. Taarifa zinaingia muda wote kutoka kwenye vifaa vyote, kwa fujo: moja imechelewa, nyingine imekuja mara mbili, nyingine haina kichwa wala miguu. Programu inazipanga, inachuja uchafu, inalinganisha na hali ya jana, na inaamua hapo hapo kama kuna mtu wa kuambiwa kwa ujumbe wa simu. Hapo hapo ndiyo kazi yenyewe. Kumwambia mfugaji leo kwamba birika lake lilikauka jana ni umbea tu, ng'ombe wameshaliona wenyewe.

Nilipopendekeza ndiva ya kwetu ifungiwe kifaa, pale ofisini nilitoa sababu nzuri nzuri: usalama wa ukingo, zamu za maji, wakulima kupata taarifa. Zote za kweli kabisa. Sababu yangu mwenyewe ilikuwa baba, na sikuona kwa nini nimwambie mtu.

Kifaa chenyewe ni kiboksi cheupe, ukubwa wa mkate, kimekaa juu ya bomba la chuma lenye mkono unaonyooka kuelekea majini. Kwa juu kina kioo kidogo cha sola. Kwa chini kina jicho linalotuma sauti tusiyoisikia sisi. Sauti inagonga maji, inarudi, na kwa muda iliotumia kinajua maji yako umbali gani. Siku tuliyokifunga watu walijaa. Kwa kuwa kilikuwa kimetoka mjini na hakisemi Chasu, lugha yetu, mama jirani akakipa jina palepale: Mgeni. Baba alikizunguka taratibu, mikono nyuma.

“Kinakula nini?” akaniuliza.

“Jua, baba.”

Akatazama juu kwenye ukungu. “Basi kwetu kitakufa njaa.”

Hakikufa. Kikawa kinanitumia mstari. Kwenye simu yangu ulikuwa mstari wa bluu tu: jioni unaanza kupanda polepole, usiku kucha unapanda, na alfajiri unageuka na kuanza kushuka. Pale unapogeuka ndipo baba ameng'oa kizibo. Yaani ameamka, amevaa raba zake, amepanda ile njia ya utelezi bila kuanguka, na mikono yake ina nguvu. Jamani, mstari! Nimesoma miaka yote ile nikapewa na cheti, na sijawahi kukitazama cheti changu kwa mapenzi niliyoutazama nayo ule mstari. Nilikuwa nabandika chai, nachukua simu, nasubiri ugeuke. Ukishageuka nampigia kaka Mwanga: “Mzee yuko juu.” Naye anasema, “Haya,” anakwenda kufungua duka.

Tukawekeana ahadi mimi na kaka. Siku ambayo mstari hautageuka, hakuna mjadala tena: tunapanda na gari tunamchukua, apende asipende, hata kama ataongea njia nzima. Kaka alikuwa anaitaka siku hiyo. Mimi nilikuwa naiogopa, kwa sababu nilijua baba akitolewa kwenye ndiva yake na kuwekwa kwenye kiti cha plastiki barazani kwangu, na jua hili la Same, atabaki anatutazama tu na kusema asante kwa kila kitu. Baba akianza kusema asante kwa kila kitu, ujue amekwisha.

Baba mwenyewe hakujua lolote, si juu ya mstari wala juu ya ahadi.

Siku ikaja. Ilikuwa msimu wa baridi, mlimani manyunyu hayakatiki. Nimeshika kikombe, namsubiri. Mstari ukapanda, ukapanda, halafu ukaruka juu ghafla hadi mwisho kabisa na ukalala pale. Ndiva imejaa pomoni. Nikasubiri. Hakuna kushuka. Nikampigia baba, simu inaita tu. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Chai ikamwagika kwenye meza na sikuifuta.

Na programu yangu, niliyoiandika kwa mikono yangu, ikafanya kile nilichoifundisha: ikawatumia watu wote wanaotumia ule mfereji ujumbe kwamba maji yamefika ukingoni na ukingo unaweza kubomoka.

“Kaka,” nilisema kwenye simu. “Mstari.”

“Nakuja.”

Hakuniuliza kitu kingine. Alinipitia Same, tukashika njia ya Kisiwani. Upande wa kulia milima yetu imefunikwa yote, huoni kilele. Kaka alikuwa ameweka begi tupu kiti cha nyuma, la nguo za baba. Kila nikigeuka naliona lile begi, na kila nikiliona nalia. Kaka akanipa leso yake, inanuka rangi ya mafuta. Kupanda kutoka Gonja matairi yalikuwa yanateleza na mimi nikawa naigombeza barabara kwa sauti, barabara yenyewe haina kosa, ni matope tu.

Tulipofika juu tukasikia watu kabla ya kuwaona. Nikajua basi, ni msiba.

Ilikuwa msaragambo. Kwa asiyejua, huo ni wito wetu wa kazi ya kijiji: pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na usipotokea utasemwa mpaka wajukuu wako. Ujumbe wangu ulipowafikia kwenye simu, mzee mmoja akatoka nje akapiga pembe, na kijiji kizima kikapanda kwenda kuokoa ukingo. Wakafika wakakuta ndiva karibu tupu. Baba alishaizibua muda mrefu na kwenda shambani kwake, simu ameiacha ndani ya koti jingine. Sasa kwetu ukishaitwa msaragambo hurudi nyumbani na jembe lisilo na udongo, utachekwa. Wakaamua kusafisha mfereji. Ndipo tulipowakuta, wengi, kwenye matope hadi magotini, wanacheka, na baba katikati yao akielekeza kwa ule mti wake mrefu, ana hasira.

“Nani kasema nimelala?” alikuwa anauliza. “Nataka huyo mtu aliyesema ndiva imejaa nimwone.”

Mtu mwenyewe nilikuwa nimesimama pale, kamasi usoni.

Nikamkimbilia, nikasahau hata kumwamkia. Kisha nikainua macho nikakiona kifaa changu. Kilikuwa kimevalishwa. Kiboksi chote kimefungwa mfuko wa salfeti kwa kamba, na juu yake majani makavu ya mgomba yamepangwa kwa ustadi kama paa. Mvua ilivyoyalowesha, jani moja lilikuwa limelegea likaning'inia chini, mbele ya jicho. Kile kifaa kilikuwa kinapima jani.

“Baba, hii nini?”

“Kilikuwa kinanyeshewa,” akasema.

“Kimetengenezwa kinyeshewe, baba! Ni cha nje!”

“Wewe ukija hapa kwangu kama mgeni, na manyunyu haya, nikuache nje usiku kucha?” Akawageukia watu. “Mama mzima, amesoma, analeta mgeni kijijini hana hata koti.”

Watu wakaangua kicheko. Mama jirani alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Kusema kweli nilikasirika, mimi hasira zangu ziko karibu sifichi, lakini nikimtazama yule mzee na yale majani aliyoyafunga fundo kwa fundo kwa vidole vyake vilivyokaza, hasira ikakosa pa kukaa.

Tulikaa nyumbani kwake. Mama jirani alileta makande na kukaa hapohapo, maana alikuwa ameona begi na hakuwa tayari kuambiwa habari hizo kesho. Kaka akaanza. Alisema mambo yote: magoti, ukungu, lile anguko la kamba za viatu. Baba akala makande.

“Leo ilikuwa jani,” kaka akasema. “Kesho itakuwa wewe, baba.”

“Na nikianguka Same ndiyo nitaanguka vizuri?”

“Same tutakuwepo!”

“Kwani leo mmejuaje?” Baba akaweka sahani chini. “Hilo sijalielewa. Mwanga huko, Same huko, mmejuaje mkafika mbio hivi na begi?”

Kaka akanitazama. Ikabidi niseme. Nikatoa simu nikamwonyesha mstari. Nikamwonyesha pale unapogeuka, jana, juzi, wiki iliyopita. Nikamwambia, hapa ni wewe, baba. Hapa umeng'oa. Hapa umechelewa kidogo, ilikuwa Jumapili. Nikamwambia ule mstari ukigeuka ndipo na mimi nakunywa chai. Nilisema nakupenda, baba, naogopa, sitaki nije niambiwe na watu. Kwetu maneno hayo hayasemwi hivyo mbele ya makande, lakini yalishatoka.

Baba akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

“Kwa hiyo unaniona kila asubuhi,” akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Tangu Mgeni aje.”

“Ndiyo.”

“Unaniona nikipita, kila asubuhi ya Mungu.” Akanirudishia simu. “Na huniamkii.”

Mama jirani akasema, “Yesu wangu.” Kaka akainamisha kichwa, na nilijua anacheka. Nilijitetea kwamba ni kompyuta, kwamba taarifa inakuja upande mmoja tu, kwamba kifaa hakina mdomo. Nikawa najisikia ninavyoongea. Mtoto anamchungulia baba yake kila alfajiri, anamwona anapita, na hafungui kinywa kusema shikamoo. Kwa malezi gani?

“Mimi siondoki hapa,” baba akasema. “Lakini uniamkie, na mimi nitaitika. Siku nisipoitika, njooni na gari lenu na begi lenu, sitabisha.”

“Hutabisha?” kaka akauliza. “Wewe?”

“Mimi shahidi,” mama jirani akasema haraka. “Na simu yangu ina chaji.”

Kaka alirudi Mwanga na begi tupu. Na mimi nikarudi Same na kazi.

Kifaa kile, ili betri isiishe, kinalala muda mwingi. Kinaamka, kinapima, kinasema, kisha kinatega sikio kidogo tu, kinalala tena. Ukitaka kukiambia neno lazima neno lako likae kwanza likisubiri kule kwenye kompyuta za kukodi, na kikiamka tu kikasema chake, lipenye kwenye ule upenyo mdogo. Ubavuni kilikuwa na kitaa cha kijani ambacho mafundi wanakitumia wakati wa kukifunga, baada ya hapo hakina kazi. Nikakipa kazi. Nikiamka nabonyeza kwenye simu. Shikamoo yangu inakwenda kukaa foleni. Kifaa kinaamka, kinaipokea, kitaa kinawaka, na kinabaki kinawaka hadi kitu kikaribie jicho. Kitu hicho kilitakiwa kiwe mkono wa baba, lakini mkono haufiki bila kuning'inia juu ya maji, nikamkataza. Akatafuta njia yake. Anavua kofia yake ya sufu, anaivika kwenye ncha ya ule mti wa kuzibulia, anainyoosha chini ya jicho, anaishikilia hapo mpaka taa izimike. Kisha anavaa kofia, anang'oa kizibo. Programu nayo nikaifundisha isiwaite watu msaragambo kwa sababu ya kofia.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa jikoni. Mstari umetulia juu, mara ukaruka kamchomo kamoja, ukarudi. Marahaba. Halafu ukaanza kushuka. Niliipigia ile simu makofi peke yangu.

Ofisini nina mwenzangu, kijana wa mjini, hodari sana, ndiye aliyeandika kichujio cha kuondoa taarifa chafu. Asubuhi moja nimeamkia, nimesubiri, hakuna kamchomo. Mstari unashuka tu bila salamu. Nilikwenda ofisini roho juu, nikamkuta ameridhika na nafsi yake.

“Sista,” akaniambia, “kuna takataka ilikuwa inaingia kila asubuhi kutoka Myamba. Nimeidaka, nimeichuja yote.”

“Hiyo takataka ni baba yangu,” nilimwambia.

Niliposhamweleza alishika kichwa. Aliirudisha mwenyewe siku hiyohiyo, akaiwekea ndiva ya kwetu sheria yake ya peke yake, na pembeni ya sheria akaandika, ili yeyote atakayekuja kufanya kazi pale aone: *Usiguse, mzee anaitika.* Tangu hapo akifika ofisini swali lake la kwanza ni, “Mzee kaitika?”

Tukaishi hivyo. Sikumbuki tulivyoishi zamani bila hivyo. Nilipokuwa na mambo mazito kichwani niliamkia mapema zaidi, ili nimkute taa ikimngoja. Naye akiwa na furaha anainyoosha kofia mara mbili. Siku mama jirani alipopata mjukuu alifanya sijui mara ngapi, mstari ukawa kama msumeno, na kijana wa ofisini akaniuliza kwa woga kama mzee amepatwa na jambo.

Masika iliyopita niliumwa. Homa ilinikamata jioni, nikajifunika khanga zote nilizonazo na bado nikatetemeka. Umeme ulikuwa umekatika, simu ikazima, na mimi sina habari. Nililala usingizi ule wa homa usio na asubuhi. Sikumwamkia mtu.

Kilichoniamsha ilikuwa hodi. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, bati linalia. Nikajikokota, nikafungua.

Alikuwa amesimama pale na koti la baridi la Myamba, sweta ndani yake, kofia ya sufu kichwani, raba zake zina tope jekundu la mlimani, jasho linamtiririka. Mkononi ana mfuko wa magimbi. Nyuma yake barabarani naliona gari linaloshusha tangawizi kutoka mlimani linageuza. Miaka yote ile tumembembeleza, kaka kwa gari na begi, mimi kwa machozi, na hakushuka. Alikuwa hata hajaiona nyumba yangu. Aliipata kwa kuuliza.

“Hukuniamkia,” akasema.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kikavu na kizito, akakiondoa. “Unaungua. Kaka yako nimempigia anasema labda umechelewa kuamka, atapita akifunga duka. Akifunga duka! Vaa viatu.”

Alinipeleka zahanati akinishika mkono, mimi ndiye niliyekuwa natembea vibaya. Aliingia mbele ya foleni akabishana na kila mtu aliyemkatalia. Tuliporudi akanichemshia uji mwepesi, akaukoroga ukapoa, akakaa akinitazama nikiumaliza. Kisha akavua koti hatimaye, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki barazani, mlango wazi, mahali ninapomwona kutoka kitandani.

Umeme ulirudi alasiri. Nikachomeka simu. Ilipowaka nilifungua mstari, kwa mazoea tu.

Usiku kucha ulikuwa umepanda kama kawaida. Alfajiri, pale ambapo hakukuwa na taa yoyote, kulikuwa na kamchomo. Baada yake kengine. Na kengine, na kengine, mstari mzima umejaa michomo. Alikuwa amesimama pale kwenye manyunyu, magoti yale, anainyoosha kofia yake kuitikia salamu ambayo haikuja, tena na tena, labda ameiona vibaya, labda taa imeharibika. Halafu michomo ikakoma. Muda mrefu hakuna kitu. Na mstari ukaanza kushuka kwa namna nisiyoijua, kwa kusitasita, maji kidogo, kisha mengi. Ule haukuwa mkono wake; alishamwachia mtu mwingine mti wake akashuka.

Nikaweka simu kifuani. Nje kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshavuka njia, jioni inaingia, saa ambayo baba hajawahi kuwa mahali pengine duniani isipokuwa pale ndivani.

“Baba.”

“Eeh.”

“Na ndiva ataiziba nani?”

Akageuka kwenye kiti akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Wewe mtoto unaumwa,” akasema, “halafu unaniuliza habari za ndiva?”

Akasimama, akaja kunifunika mguu uliokuwa nje ya khanga, akarudi kwenye kiti chake barazani.